Mapigo Sabini na Tano Kila Upande

Siku mliyonikatia keki ya kustaafu pale maabara, mliniomba nizungumze, nikasema asanteni na nikaketi. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa na mengi, lakini keki ilikuwa imeanza kuyeyuka na nawajua nyinyi, mtu akishashika sahani hasikii tena. Kwa hiyo nimeyaandika hapa nyumbani Noonkopir, mezani, nikiwa na miwani yangu na chai, na hakuna anayenihimiza kutoa ripoti kabla ya saa kumi.

Sitaandika nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yako kwenye faili, na faili yenyewe nasikia ilishapotea. Nitaandika juu ya nyundo, kwa sababu wengi wenu hamjawahi kuishika. Nyinyi mnabonyeza kitufe, mashine inapiga, inahesabu na kujizima yenyewe, huku mnaangalia simu. Enzi zetu mashine ilikuwa ni sisi.

Kama karatasi hii itaangukia mtu wa idara nyingine, ajue kwamba kazi yetu ni kubashiri. Kabla barabara haijamwagwa, tunachukua kokoto, vumbi la mawe na lami, tunachanganya zikiwa moto, tunajaza kwenye kikombe cha chuma na kushindilia kwa nyundo mpaka zishikamane. Kinachotoka ni kidonge cheusi cha mviringo, kipana kama kiganja cha mtu mzima. Tunakipima kwenye mizani hewani na majini, tunakiloweka katika maji ya moto, tunakibana mpaka kivunjike, kisha tunaandika kama barabara itavumilia malori na jua la Kajiado au itabomoka. Waganga nao hubashiri, ila wao hawaulizwi nyuzijoto zilikuwa ngapi.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vyeupe. Aliyenipokea alikuwa Bwana Musembi, mkuu wa maabara, Mkamba mrefu aliyekuwa na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ya kuazima watu ili wasiguse ile ya kwanza. Alitazama viatu vyangu kwa huruma.

"Naserian, umekuja harusi ama kazi?"

"Kazi, Bwana Musembi."

"Basi hizo viatu zitakuwa zimekufa kufika saa nne."

Alikosea. Vilikufa saa tatu na nusu.

Wiki za mwanzo nilishika sepetu na chekecheo tu. Bwana Musembi alinifundisha kwamba rundo la kokoto haliaminiki, kwa sababu mawe makubwa huteremka pembeni na madogo hubaki juu, na ukichota mahali pamoja unapeleka uongo maabarani kwa ndoo. Unachota juu, katikati na chini, unachanganya, unagawa mafungu manne, unatupa mawili, unachanganya tena. Nilifanya hivyo mpaka nikawa nagawa hata ugali mafungu manne nyumbani bila kujua. Nilijifunza pia kwamba lami ikikuingia nguoni hutoka kwa mafuta ya taa, na kwamba chapati isipashwe kwenye oveni ya kokoto. Hilo la chapati hakunifundisha mtu. Nililijaribu mwenyewe, na meno yangu yalisikia habari.

Mwezi wa pili nikapewa nyundo. Uzito wake unaoanguka ni kilo nne na nusu. Unauinua mpaka juu ya fimbo yake, unauachia, unauinua tena. Mapigo sabini na tano upande mmoja, unageuza kidonge, mapigo sabini na tano upande wa pili. Si sabini na nne, si sabini na sita. Idadi hiyo ndiyo inayosimama badala ya shindilio, ile mashine nzito inayokandamiza lami barabarani, na miaka ya malori, na ukiipotosha, kidonge chako kinazungumzia barabara isiyokuwepo. Sikuwa nimewahi kuona mwanamke akiipiga. Wenzangu watatu wa kiume walikubaliana kwa sauti, nikisikia, kwamba nitaiacha kabla ya Ijumaa. Ijumaa ilifika nikiwa na malengelenge mikono yote miwili, na Jumatatu nikarudi. Niliipenda ile nyundo, nasema bila aibu. Ilikuwa kazi yangu, na nilitaka ibaki yangu.

Kibanda cha nyundo kilikuwa nje, karibu na geti, kwa sababu watu wa ofisini walilalamika kwamba kelele zinawafanya wakosee hesabu zao. Hesabu yangu mimi hakuna aliyeiuliza. Na pale getini alikuwapo soja wetu, Mzee Parmuat, Mmaasai kama mimi, wa rika moja na baba yangu.

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Kwetu, mzee wa rika la baba akikusalimu, huendelei na kazi ukamjibu kwa bega. Unasimama, unakwenda, unainamisha kichwa, naye anakigusa kwa mkono wake. Nimelelewa hivyo na sijawahi kuona ubaya wake. Sasa Mzee Parmuat alikuwa mtu wa heshima kamili. Kwake yeye, mtu akienda kufungulia lori la kokoto geti na kurudi, alikuwa ametoka safari na lazima asalimu.

"Entito, takwenya," angenisalimu kwa Kimaasai akipita, yaani msichana, hujambo.

"Iko," ningeitikia kwa Kimaasai, na nyundo ningeshaiweka chini, kichwa kiko mbele.

"Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Mzee."

"Na mvua ya huko kwenu?"

Hakuzidisha, kwa kuwa aliambiwa lami inapoa. Habari za mbuzi alizihifadhi mpaka saa ya chai. Ilikuwa nusu dakika tu, lakini nikirudi kwenye nyundo najiuliza: ilikuwa arobaini na mbili au thelathini na nane? Na kwa kuwa nilikuwa mfanyakazi mwangalifu, nilirudi nyuma mpaka namba niliyokuwa na uhakika nayo, tuseme thelathini, nikaanzia hapo. Nilijiambia afadhali yazidi kuliko yapungue. Malori yakiwa matatu, salamu zilikuwa tatu, na kidonge kilikula mapigo zaidi ya mia moja upande mmoja. Sikuona kosa. Niliona nina adabu na nina bidii, yote mawili kwa pamoja.

Kazi iliyokuja wakati huo ilikuwa ya barabara ya kutoka machimbo ya mawe kwenda Kajiado mjini. Ni barabara ya malori mazito, lakini pia ni hiyo hiyo ambayo akina mama wa upande ule walipitia kwenda kujifungua. Bwana Musembi alinikabidhi vidonge vyote kumi na tano, vyenye lami ya viwango vitano tofauti, ili tujue ni kiwango kipi kinafaa. Nilivipiga kwa siku nne. Matokeo yalipendeza: vidonge vilikuwa vigumu, vimeshikana, na vilionyesha kwamba lami kidogo tu inatosha. Injinia wa kontrakta alipoona kiwango kile alifurahi mpaka akanishika mkono, na yeye hakuwa mtu wa kushika mikono. Bwana Musembi akapekua karatasi zangu, akaniuliza maswali mawili, akaweka sahihi. Kazi ya kumwaga lami ingeanza Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Kati ya hapo Mzee Parmuat akaenda likizo Loitokitok kumwona binti yake aliyejifungua. Badala yake aliletwa kijana wa Kiserian aliyeweka redio ndogo sikioni toka asubuhi hadi jioni. Hakumsalimu mtu yeyote wiki nzima. Nilimwona hana malezi.

Ijumaa, Bwana Musembi akiwa kule barabarani, aliniachia kazi ndogo ya kupiga vidonge vitatu vya mwisho kwa kile kiwango kilichokubaliwa, kuthibitisha tu. Nilipiga bila kusimama. Nikavipima. Vilikuwa vyepesi kwa ukubwa wao kuliko vya kwanza, vyenye vijitundu vya hewa vingi. Nikalaumu mizani. Nikasafisha mizani, nikabadilisha maji, nikalaumu kokoto, nikalaumu oveni. Nikapiga vingine vitatu. Vyepesi vile vile. Mikono ilikuwa yangu, kokoto za machimbo yale yale, na joto lile lile. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikijiuliza ni kitu gani hakipo leo ambacho kilikuwapo mara ya kwanza, nikamwangalia yule kijana pale getini akitingisha kichwa na redio yake, nikajua: ni salamu.

Nilichukua kitabu cha geti. Siku nilizopiga vile vidonge kumi na tano, kila lori lililoingia lilikuwa limeandikwa na saa yake. Nikaweka karatasi zangu za uzito kando yake. Siku ya malori mengi, vidonge vizito. Siku ya malori machache, vyepesi kidogo. Nilikuwa nimeandika historia ya salamu za Mzee Parmuat na kuipeleka kwa injinia kama sifa za barabara.

Niwaeleze kwa nini hilo ni baya, maana mmoja wenu aliwahi kuniambia kushindilia sana hakuna hasara. Fikirieni gunia la mahindi. Ukilitingisha na kulisindilia utasema halina nafasi tena. Mimi nilisindilia kuliko kawaida, nafasi kati ya mawe ikaonekana ndogo, kwa hiyo lami kidogo ikaonekana inatosha. Lakini shindilio la barabarani halina Mzee Parmuat. Lingeacha nafasi ambazo lami ile haiwezi kujaza, mchanganyiko ungebaki mkavu, maji yangeingia, na mawe yangeanza kung'oka moja moja. Barabara ile ingekuwa mashimo kabla mtoto wa binti wa Mzee hajaanza shule.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Bwana Musembi maabarani, akipanga karatasi za Jumatatu. Usiku huo sikuwa nimelala vizuri. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua, kwa sababu barabara ikiharibika watu hulaumu malori, mvua na serikali, kwa mpangilio huo. Na nilijua nikisema, wale wenzangu watatu watasema walijua tangu mwanzo, na nyundo itakwenda kwa mtu mwingine. Pia sahihi haikuwa yangu, ilikuwa yake. Nilisimama mlangoni muda mrefu kiasi kwamba aliniuliza kama nimefungiwa nje.

"Vile vidonge kumi na tano si sabini na tano," nikamwambia.

"Ni ngapi?"

"Sijui."

"Hujui ama hutaki kusema?"

"Sijui, Bwana Musembi. Hiyo ndiyo shida."

Nikamweleza yote, salamu, malori, kitabu cha geti. Nilitarajia angecheka au angefoka. Hakufanya hata moja. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma kitabu cha geti ukurasa kwa ukurasa kando ya karatasi zangu. Kisha akainua simu ya mezani na kumpigia injinia wa kontrakta nyumbani kwake.

"Monday hakuna kumwaga," alisema. Sauti ya upande wa pili niliisikia nikiwa nimesimama mbali. "Nimesikia. Mashine ziko tayari, watu wako tayari, najua. Lakini maabara yangu imekosea. Nipe siku tatu. Hapana, si mtu fulani. Nimesema maabara yangu."

Akaweka simu. Mimi nilikuwa nalia kimya kimya, na alijifanya haoni, jambo ambalo namshukuru mpaka leo.

"Jumatatu unapiga tena zote," akasema.

"Mimi?"

"Kwani nani mwingine anajua kosa iko wapi?"

Jumatatu Mzee Parmuat naye akarudi, ameleta ndizi na vitunguu vya Loitokitok, na salamu za wiki nzima alizokuwa hajanipa. Bwana Musembi alimwendea getini. Nilimwonea huruma, kwa sababu kumwambia mzee aache kusalimu watu ni kama kumwambia aache kupumua.

"Mzee, huyu msichana akipiga nyundo, usimsalimie. Tafadhali."

Mzee Parmuat aliweka ndizi zake chini. "Nipite hapa nikae kimya? Watu watasema tumekosana."

"Basi keti hapo karibu yake, umsaidie kuhesabu."

"Kuhesabu?" Mzee akatikisa kichwa. "Mimi hata ng'ombe zangu sijawahi hesabu. Kwetu hiyo ni mbaya. Ng'ombe ikikosekana naona tu nafasi yake."

Bwana Musembi akanigeukia kana kwamba nimemficha jambo. Nilimwambia ni kweli, hata baba hahesabu mifugo wala watoto wake kwa kidole. Tulikaa hapo watu watatu, lami ikipata moto ndani, bila njia. Ndipo nikaokota kokoto kwenye chekecheo, safi, za ukubwa mmoja, nikazihesabu mwenyewe sabini na tano, nikazitia katika kopo la rangi. Nikaweka kopo jingine, tupu, kando yake.

"Mzee, kila nyundo ikianguka, wewe hamisha jiwe moja. Usihesabu. Hili likiisha, unaniambia limeisha."

Alilitafakari jambo hilo kwa makini, akitafuta kama kuna dhambi ndani yake, akakuta hakuna. Akaketi. Na nawaambia, sijawahi kupata msaidizi kama yule. Lori likipiga honi getini alikwenda, akafungua, akarudi, akanisalimu, nikainamisha kichwa, akanigusa, na mawe yalikuwa yamekaa pale pale tulipoyaacha. Vidonge kumi na tano, na baada ya kila upande alisema "imeisha" kwa sauti ya mtu aliyefunga zizi. Vilipopimwa, vya kiwango kimoja vilifanana uzito kama mapacha. Kiwango kipya cha lami kilikuwa juu kuliko kile cha kwanza, injinia akanuna, na safari hii hakunishika mkono. Alhamisi barabara ikaanza kumwagwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae niandike.

Jioni ya Alhamisi hiyo, tukitoka kuangalia kazi, Bwana Musembi aliendesha gari akapinda njia nyingine bila kuniambia. Sitawaambia ni wapi. Aliegesha pembeni, tukashuka. Ilikuwa barabara iliyochoka, kingo zimelika, viraka juu ya viraka, na kokoto zimetawanyika pembeni kama mtama uliomwagika. Mwanamke mmoja alikuwa akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, akizunguka mashimo kwa ustadi wa mtu aliyeyazoea. Bwana Musembi alimngoja apite, akamsaidia kuvusha gurudumu shimo moja, akarudi.

"Hii ni yangu," akaniambia.

Sikuelewa. Akaendelea huku akiitazama barabara, si mimi.

"Tulipiga vidonge vitatu. Viwili vikapita, kimoja kikaanguka mtihani. Ilikuwa Ijumaa mchana, tulitaka kwenda nyumbani. Nikaandika hicho kimoja kiliharibika wakati wa kutolewa kwa kikombe. Hakikuwa kimeharibika. Hicho ndicho kilikuwa kinasema ukweli."

"Ni miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na hukusema?"

"Nilingoja mtu aniulize. Ningeulizwa hiyo jioni ningesema, hata hiyo wiki ningesema. Hakuna aliniuliza. Halafu ikapita mwezi, halafu barabara ikafunguliwa, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga." Akasukuma kokoto moja kwa kiatu. "Wewe umesema kwa siku moja. Nilitaka ujue ni nani umemwambia."

Nilikuwa msichana, yeye alikuwa mkuu wangu. Nilimwambia giza linaingia, twende. Tulipoona taa za Kitengela akaongeza neno moja. Aliniruhusu kuisimulia habari hii siku nikistaafu. Alisema kufikia hapo atakuwa ameshapumzika kaburini, na ndivyo ilivyokuwa. Nilimpenda sana Bwana Musembi, na sikumwambia.

Kwa hiyo, wenzangu. Kwa miaka yote mliyofanya kazi nami, kila jioni nilisimama kwenye mlango wa maabara mkivua makoti, nikamwuliza kila mmoja wenu: kuna kitu hujaniambia? Najua mliniita Mama Kuna-Kitu. Najua wengine mlidhani natafuta umbea, na kuna mmoja aliwahi kuniungamia habari za mchumba wake, tukasumbuka wote wawili. Lakini wanne kati yenu, kwa nyakati tofauti, mligeuka pale mlangoni mkarudi ndani, mkaniambia juu ya kipimajoto, au mizani, au kidonge kimoja cha Ijumaa. Tukawasha oveni tena. Barabara hizo nne mnazipita kila siku na hamzioni, kwa kuwa hazina shimo.

Tangu nilipoondoka, jioni hakuna anayesimama pale mlangoni. Kesho mmoja wenu asimame.